Rangi za Tishu na Madaraja ya Saratani ya Kinywa: Ripoti ya Maabara na Namna ya Kuisema kwa Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yamechochewa na karatasi moja. Mjomba wangu, mkulima aliyepita umri wa miaka sitini, alikuwa na kidonda pembeni mwa ulimi kilichokataa kupona. Kwa muda wa miezi mitatu alikilaumu kigego kilichovunjika, akawa anasukutua kwa maji ya chumvi. Hatimaye alikwenda hospitalini, akakatwa kinyofu cha tishu, na baada ya majuma mawili akapewa ripoti ya ukurasa mmoja iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mkaza mjomba alinipigia simu jioni iyo hiyo. "Mwanangu," alisema, "si wewe ndiye unayesomea Kiswahili chuoni? Hebu tufasirie." Akanisomea maneno herufi kwa herufi, nami nikafasiri. Nilisema kuwa ni saratani, hatua ya pili, na kwamba imekomaa kwa kiasi. Mjomba alinyamaza kidogo, kisha nikamsikia akisema kuwa jambo lililokwisha kukomaa halina dawa, na kwamba yeye hatauza ng'ombe kwa kazi bure. Zilipita wiki saba kabla hajakubali kurudi hospitalini.

Katika sentensi yangu ile fupi mlikuwa na makosa mawili. Kwanza, ripoti haikusema lolote kuhusu hatua ya ugonjwa; ilitaja daraja. Pili, haikusema kuwa saratani imekomaa. Ilisema kuwa seli za saratani hiyo zimekomaa kwa kiasi, na hilo ni karibu kinyume cha kile alichokisikia mjomba. Makala haya basi yanaeleza jinsi rangi zinazotiwa katika tishu zinavyomsaidia mtaalamu wa maabara kuamua daraja la saratani ya kinywa, kisha yanageukia maneno tunayoyatumia kuyasema hayo kwa Kiswahili. Mwandishi ni mwanafunzi wa fasihi, si tabibu. Hata hivyo, ni dhahiri kuwa aliyekosea katika kisa hiki si tabibu.

Kinachotazamwa

Neno saratani tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule kiumbe wa pwani mwenye magando. Wagiriki na Warumi wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, na wanaofuatilia utabiri wa nyota katika magazeti wanaijua Saratani kuwa mojawapo ya buruji kumi na mbili. Taswira ni ya kiumbe kinachotambaa upande upande na kung'ang'ania. Ni taswira yenye nguvu, lakini inatuonyesha uvimbe mzima na miguu yake. Haituonyeshi seli, na daraja la saratani limo katika seli.

Takriban saratani tisa katika kila kumi za kinywa huanzia katika utando unaokifunika kinywa kwa ndani. Utando huo umejengwa kwa seli zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Seli za chini ndizo zinazogawanyika na kuzaa nyingine. Zinazozaliwa hupanda juu polepole, na kadiri zinavyopanda ndivyo zinavyobadilika: hubapa, hushikamana na jirani zake, na katika sehemu kama ufizi na kaakaa gumu hujaa keratini, ile protini ngumu inayofanya kucha na nywele. Zikifika juu hupukutika, nasi tukazimeza bila ya kujua. Safari hiyo ya kutoka chini hadi juu ndiyo inayoitwa kukomaa kwa seli.

Saratani inapoingia, utaratibu huo huvurugika. Seli hugawanyika pasipotakiwa, hupenya mpaka unaozitenga na nyama ya chini, zikaanza kuenea. Hata hivyo haziasi zote kwa kiasi kimoja. Zipo saratani ambazo seli zake, ijapokuwa zimevunja sheria, bado zinakumbuka kazi ya ukoo wao: zinabapa, zinashikamana, zinatengeneza keratini. Kwa kuwa sasa zimo ndani ya nyama wala si juu ya utando, keratini hiyo haina mahali pa kupukutikia, hivyo hujikunja tabaka kwa tabaka na kufanya viduara. Wataalamu huviita lulu za keratini. Zipo saratani nyingine ambazo seli zake zimesahau kila kitu, hata mtaalamu hupata tabu kusema zimetokana na tishu gani. Kipimo cha kukumbuka au kusahau huko ndicho daraja.

Mti wa damu na mungu wa alfajiri

Tatizo ni kwamba tishu iliyokatwa nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga haina rangi ya kutazamika. Kinyofu kilichotolewa kinywani hutiwa kwanza katika formalini ili kisioze. Baadaye huondolewa maji kwa alkoholi na kulowekwa katika nta ya parafini iliyoyeyushwa, na nta ikiganda huwa kijitofali kinachokatika vizuri. Mashine iitwayo mikrotomu hukikata katika vipande vyenye unene wa mikromita 4 au 5, yaani itakubidi uvirundike vipande 200 au zaidi ili upate unene wa milimita 1. Kipande huachwa kielee juu ya maji ya vuguvugu hadi kikunjuke, kikaopolewa kwa kipande cha kioo. Ukikiweka chini ya hadubini wakati huo hutaona zaidi ya ukungu.

Hapa ndipo rangi inapohitajika. Aliyewahi kuwatazama akina mama wa pwani wakitia rangi ukindu wa kusukia mikeka anajua kuwa rangi haikishiki kila kitu kwa namna moja. Hina hushika ngozi, nywele na kucha kwa sababu hushikamana na keratini iliyomo. Ukiimwaga juu ya sahani ya kigae utaiosha ikatoka yote. Maabara nayo hutumia maarifa hayo hayo. Kila rangi ina kitu inachokipenda, na ukijua inapenda nini, utajua umeona nini.

Rangi mbili ndizo za msingi. Ya kwanza ni hematoksilini, inayotolewa katika gogo la mti unaoota katika eneo la Campeche nchini Meksiko na katika nchi jirani za Amerika ya Kati. Jina la kisayansi la mti huo limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya damu na mti. Kabla ya kuingia maabara, mti huu ulikuwa mali kubwa ya watia rangi nguo wa Ulaya, na Waingereza waliokwenda kuukata katika karne ya 17 ndio walioanzisha makazi yaliyokuja kuwa nchi ya Belize. Mwaka 1865 Mjerumani Franz Böhmer aliichanganya rangi yake na shabu, ile ile inayouzwa madukani kwetu kwa ajili ya kutakasia maji na kupaka baada ya kunyoa. Shabu ndiyo inayoishikisha. Hematoksilini ikiisha kuoksidishwa na kuungana na alumini iliyomo katika shabu hubeba chaji chanya, basi huvutwa na asidi za kiini cha seli ambazo zina chaji hasi. Matokeo yake ni kwamba viini hugeuka buluu inayoelekea zambarau.

Ya pili ni eosini, rangi ya viwandani iliyotengenezwa na Heinrich Caro, Mjerumani vilevile, katika miaka ya 1870. Ilipewa jina la Eos, mungu wa kike wa alfajiri katika visasili vya Wagiriki, na atakayeitazama hatauliza kwa nini. Hii ina chaji hasi, kwa hiyo hufuata protini za sitoplazimu, yaani ute unaokizunguka kiini, pamoja na nyuzi zilizo nje ya seli. Vyote hivyo huvitia rangi ya waridi. Keratini huipokea kwa pupa, ikang'aa waridi iliyokolea kuliko jirani zake zote. Mwaka 1876 Wissozky alieleza namna ya kuzitumia rangi hizo mbili kwa pamoja. Miaka mia moja na hamsini hivi baadaye, ripoti ya saratani inayotolewa Nairobi, Muscat au London huanza kwa jozi hiyo hiyo.

Mtaalamu anapoitazama tishu ya kinywa iliyotiwa rangi hizi, basi, waridi na buluu humwambia mambo tofauti. Waridi iliyokolea katika viduara ni lulu: seli zinakumbuka. Buluu humweleza habari za viini. Je, vinalingana kwa ukubwa, au kimoja ni kidogo na cha pili ni maradufu yake? Vimekolea kupita kiasi? Ni vingapi vimekamatwa katika tendo la kugawanyika? Hutazama pia viunganishi vyembamba kati ya seli na seli, ambavyo wataalamu huvifananisha na madaraja ya kuvukia. Msomaji ataona kuwa hapo neno letu daraja linatupiga chenga: uwepo wa madaraja kati ya seli hulishusha daraja la saratani.

Kulipata daraja

Aliyeupa utaratibu huu umbo la hesabu ni Albert Broders wa Mayo Clinic, Marekani. Mwaka 1920 alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 537 wenye saratani ya mdomo, akaigawa saratani hiyo katika madaraja manne kwa kukadiria ni sehemu gani ya seli zilizokomaa. Zikizidi robo tatu, ni daraja la kwanza. Zikiwa kati ya nusu na robo tatu, la pili. Kati ya robo na nusu, la tatu. Zikipungua robo, la nne. Alionyesha kuwa wagonjwa wa madaraja ya chini walifanikiwa zaidi katika matibabu kuliko wale wa madaraja ya juu. Siku hizi utaratibu unaofuatwa zaidi, ule wa Shirika la Afya Duniani, una madaraja matatu tu: la kwanza kwa seli zilizokomaa vizuri, la pili kwa zilizokomaa kwa kiasi, la tatu kwa zisizokomaa.

Utaratibu huu una udhaifu, na wataalamu wenyewe hawaufichi. Wa kwanza ni kwamba unategemea jicho. Wataalamu wawili wanaweza kutazama kioo kimoja, mmoja akaandika daraja la kwanza na mwenziwe la pili, wala asiwepo aliyezembea. Sisi tunaosahihisha insha tunalielewa hilo vyema. Wa pili ni kwamba saratani nyingi za kinywa huangukia daraja la kati, na kipimo kinachowaweka watu wengi katika fungu moja hakimwambii daktari mengi kuhusu mgonjwa aliye mbele yake. Isitoshe, kinyofu ni kidogo. Uvimbe mmoja unaweza kuwa na lulu nyingi juu na seli zilizosahau kila kitu chini kabisa, pale unapopenya nyama. Mnorwei Magne Bryne na wenzake walisisitiza jambo hilo kuanzia mwaka 1989, wakapendekeza kuwa daraja lipimwe katika ukingo huo wa uvamizi wala si popote pale, kwani seli za ukingoni ndizo zinazosonga mbele.

Rangi za nyongeza

Kwa sababu ya udhaifu huo, watafiti wametafuta rangi nyingine za kulisaidia jicho. Zipo zinazolenga keratini peke yake, kama ile ya Ayoub na Shklar, inayoitia keratini wekundu mkali ili hata chembe yake ndogo isipite bila ya kuonekana. Ipo njia ya fedha, ambapo chumvi ya fedha hujiganda katika sehemu maalumu za kiini zinazohusika na utengenezaji wa protini, zikaonekana kama vidoa vyeusi. Seli yenye haraka ya kugawanyika huwa na vidoa vingi zaidi. Na ipo njia ya kingamwili, ambayo si rangi kwa maana ya kale bali ni rangi iliyofungwa katika kingamwili inayotafuta protini moja tu. Mashuhuri katika kundi hilo ni Ki-67, iliyoelezwa mwaka 1983 na watafiti wa mji wa Kiel, Ujerumani. Herufi mbili za mwanzo ni za mji huo. Protini inayotafutwa humo hupatikana katika seli zilizo kwenye mchakato wa kugawanyika, na hukosekana katika seli zilizopumzika. Katika saratani iliyo na seli zilizokomaa vizuri, viini vilivyoshika rangi hujipanga pembezoni mwa makundi ya seli, kama ilivyo katika utando wenye afya ambapo ni seli za chini tu zinazozaa. Daraja likipanda, viini hivyo hutapakaa kila mahali.

Iliyonivutia kuliko zote ni ile isiyozitazama seli za saratani kabisa. Inaitwa pikrosirio, nayo ni rangi nyekundu iliyoyeyushwa katika asidi ya pikriki. Hushika nyuzi za kolajeni, yaani zile kamba za protini zinazoishikilia nyama. Junqueira na wenzake wa São Paulo, Brazili, walieleza mwaka 1979 jinsi nyuzi hizo, zikitazamwa kwa hadubini yenye mwanga uliochujwa ili mawimbi yake yaelekee upande mmoja, zinavyong'aa kwa rangi mbalimbali. Nyuzi nene zilizobanana hutoa wekundu na rangi ya machungwa; nyembamba zilizolegea hutoa manjano na kijani. Tafiti kadhaa za saratani ya kinywa zimeripoti kwamba kadiri seli zinavyopoteza ukomavu ndivyo nyuzi zinazozizunguka zinavyoelekea kuhama kutoka machungwa kwenda kijani. Kwa maneno mengine, mtaalamu anawasoma majirani ili ajue tabia ya mwenye nyumba. Ni lazima tahadhari itolewe hapa: rangi inayoonekana hutegemea pia unene wa kipande na jinsi nyuzi zilivyolala, kwa hiyo maabara mbili zisizokata kwa unene mmoja haziwezi kulinganisha matokeo yao bila ya mashaka. Ndiyo sababu rangi hii imebaki zaidi katika utafiti, na daraja linaloandikwa katika ripoti ya mgonjwa bado hutokana na buluu na waridi.

Habari za kolajeni zinatugusa watu wa pwani kwa njia nyingine pia. Uraibu wa kutafuna popoo, ambao ndani ya tambuu umekuwa sehemu ya maisha ya Mombasa, Lamu na Unguja kwa karne nyingi, unaweza kuifanya kolajeni iliyo chini ya utando wa kinywa ijazane na kukakamaa hadi mtafunaji ashindwe kupanua kinywa. Hali hiyo huweza kugeuka saratani. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilichapisha uamuzi wake wa kuiweka popoo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, hata ikitafunwa bila ya tumbaku. Mjomba wangu hakutafuna tambuu. Yeye alikuwa mtu wa ugoro na chang'aa, na tumbaku na pombe zikikutana huongezeana nguvu.

Daraja si hatua

Sasa tulirejee kosa langu la kwanza. Daraja hueleza tabia ya seli. Hatua hueleza ugonjwa umefika wapi. Daraja hupatikana kwa hadubini katika kinyofu kidogo. Hatua haiwezi kupatikana humo: inahitaji uvimbe upimwe, shingo ipapaswe na kupigwa picha ili ijulikane kama tezi za limfu zimeguswa, na mwili uchunguzwe kama kuna sehemu za mbali zilizofikiwa. Kuanzia toleo la nane la mwongozo wa Kamati ya Pamoja ya Saratani ya Marekani, ambalo limetumika tangu mwaka 2018, kina cha uvimbe nacho kinahesabiwa. Uvimbe wa ulimi wenye upana wa sentimita 1.5 ulikuwa zamani katika fungu la kwanza la ukubwa. Leo, ikiwa umepenya nyama kwa milimita 7, huhesabiwa katika fungu la pili.

Mambo haya mawili hayafungamani. Mtu anaweza kuwa na saratani ya daraja la kwanza iliyofika hatua ya nne kwa sababu iliachwa muda mrefu, na mwingine akawa na daraja la tatu katika hatua ya kwanza kwa sababu iliwahiwa. Katika kupanga matibabu, hatua ina uzito mkubwa zaidi. Nilipomwambia mjomba kuwa yuko hatua ya pili, nilimpa jibu la swali ambalo lilikuwa bado halijaulizwa. Picha za shingo zilikuwa hazijapigwa. Ndizo zile alizokaa wiki saba bila ya kwenda kupigwa.

Suala la maneno

Kiingereza kina maneno mawili ambayo hayachanganyiki kwa urahisi. Kwetu, katika vipeperushi na mahojiano ya redio, nimeyasikia yote mawili yakiitwa kiwango, ngazi, awamu, hatua au daraja, bila ya mpangilio. Wagonjwa wenyewe wamekwisha kujichukulia: husema steji na gredi. Steji ni mahali matatu yanaposimama, na picha ya safari yenye vituo inaufaa ugonjwa unaosonga, kwa hiyo sina ugomvi nayo sana. Gredi ndiyo yenye hatari. Kwa Mkenya yeyote aliyepita shuleni, gredi ya juu ni jambo la kushangilia. Katika maabara, gredi ya juu ni habari mbaya. Neno daraja lina nafuu kwa sababu tumezoea kusema shahada ya daraja la kwanza tukimaanisha bora, na katika saratani daraja la kwanza ndilo lenye nafuu. Napendekeza, basi, tushikilie daraja kwa tabia ya seli na hatua kwa kuenea kwa ugonjwa, wala lolote lisiazimwe kwa kazi ya mwenzake.

Gumu zaidi ni lile la ukomavu. Kuna wanaolifasiri neno la kitaalamu kwa kutofautika, wakapata saratani iliyotofautika kwa wastani, fungu la maneno lisilomwambia mtu chochote. Wengine husema kupambanuka. Kisarufi neno hilo halina dosari, na katika darasa la biolojia lina kazi yake: seli hupambanuka kutoka katika hali ya jumla na kuwa za kazi maalumu. Mgonjwa, hata hivyo, atauliza imepambanuka na nini. Kukomaa kunaeleweka zaidi, na ndiyo sababu nilikuchagua. Lakini kunaeleweka vibaya iwapo kiima cha sentensi kitakuwa saratani. Ugonjwa uliokomaa, katika Kiswahili cha kawaida, ni ugonjwa uliokita mizizi. Seli zilizokomaa ni jambo jingine kabisa. Tofauti yote imo katika kuchagua kiima, na kiima ndicho nilichokiangusha usiku ule.

Kuna na hili la rangi. Nimewahi kuona tafsiri iliyosema kuwa tishu imetiwa madoa. Doa ni uchafu au aibu. Mtu anaposikia nyama yake imetiwa madoa hudhani kuwa ndiyo dalili ya ugonjwa. Kiswahili kina kutia rangi, usemi wa watu wa ukindu na wa nguo, nao unatosha.

Kamusi ya Tiba iliyotolewa na TUKI mwaka 2003 ilitufungulia mlango mkubwa, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Lakini ripoti bado huandikwa kwa lugha nyingine, na anayeitwa kuifasiri ni mpwa aliye chuoni. Kwa kuwa ndivyo ilivyo, naona ni kheri mpwa huyo awe tayari. Hivi ndivyo ningeyasema leo yale yaliyokuwamo katika karatasi ile:

Kinyofu kilichotolewa pembeni mwa ulimi kimetiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Kina saratani iliyoanzia katika utando wa kinywa na kupenya nyama iliyo chini yake. Baadhi ya seli zake bado zinafanana na seli za kawaida na zinatengeneza keratini, nyingine zimeacha. Kwa hiyo ni saratani ya daraja la pili kati ya madaraja matatu. Ripoti hii haisemi kama ugonjwa umeenea. Hilo litajulikana baada ya vipimo vingine.

Nilimsomea mjomba maneno hayo baada ya kufanyiwa upasuaji, wakati ulimi wake ulikuwa haujazoea umbo lake jipya na maneno yakimtoka kwa uzito. Alinitaka niirudie sentensi ya tatu. "Kumbe hazijaacha zote, mpwa wangu," alisema. Kisha aliniuliza kwa nini sikusema hivyo tangu mwanzo, nami sikuwa na jibu la kumpa.

Neno moja bado linanikwaza. Ni lile linalotaja nyama ya katikati, yenye nyuzi na mishipa, ambamo seli za saratani hujipenyeza na ambayo pikrosirio huitia rangi. Nimejaribu kuiita tishu shikizi, nikaona kuwa wafumaji wana shikizo lao na haliendi huko. Nimejaribu kitalu, nikaonywa na mwenzangu wa isimu kuwa kitalu ni cha miche. Kwa sasa nimebaki na tishu ya kuzunguka, na kwa atakayekuwa na neno bora, kurasa za jarida hili ziko wazi.